Mbwa Ajilambapo Kupita Kiasi

Zamani kidogo, wakati wa vuli, jirani yangu mmoja hapa Tanga alikuwa na mbwa wa ulinzi mwenye manyoya meupe, ambaye kila usiku, watu walipokwisha kuswali isha na mtaa ukatulia, alisikika akijilamba mguu wa mbele kwa mfululizo usiokatika. Bawabu wa nyumba ile, aliyempenda mbwa huyo hata akamgawia chakula chake mwenyewe, alidhani ni ada mbaya tu, akampaka pilipili pale palipolambwa. Mbwa akaacha siku mbili, kisha akarejea kwa hamu kubwa kuliko ya kwanza. Nilipomwinamia asubuhi moja niliona manyoya ya mguu ule yamegeuka rangi ya kutu kwa wingi wa mate, na juu kidogo ya kifundo pana duara la ngozi tupu, nene na jekundu, lichuruzikalo majimaji, ukubwa wake kama sarafu.

Bwana mifugo alipoitwa, kabla ya kuushika mguu aliutazama mnyororo, akauliza mbwa hufunguliwa saa ngapi. Akaambiwa kwamba tangu wenye nyumba waliposafiri hafunguliwi kabisa. Ndipo alipompanua vidole kimoja kimoja, na baina ya viwili akatoa mwiba wa mbigili, mdogo mno kuonekana kwa mtu asiyeutafuta. Mwiba, alisema, ndio ulioanzisha jambo, na upweke ukaliendeleza.

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi, kwa sababu wengi wetu humwona mbwa akijilamba tukamkemea, ilhali ulimi ndio msemaji wake. Tangu azaliwapo hulambwa na mamaye, si kwa usafi peke yake, bali kwa kuwa mtoto wa mbwa katika majuma yake ya mwanzo hawezi kwenda haja asipochochewa na ulimi wa mama. Akikua kidogo humlamba mamaye midomo kuomba chakula, kama wafanyavyo watoto wa mbwamwitu, na ada hiyo ndiyo asaliayo nayo maishani, akimlamba bwana wake mikono kila arudipo nyumbani. Tena kujilamba humtuliza, kwani mwili wake wenyewe hutoa dutu za kupunguza maumivu. Hata jeraha dogo hufaidika, maana mate ya mbwa yana nguvu kidogo ya kuua baadhi ya vijidudu. Lakini ulimi usiokoma hulichimbua jeraha lile lile ulilokusudia kulisafisha.

Basi mwenye mbwa atapimaje kiasi? Na atazame mambo matatu. Kwanza, je, mbwa akiitwa, au akionyeshwa chakula, huacha, au hurudia papo hapo kama aliyeshurutishwa? Pili, je, hulamba mahali pamoja siku baada ya siku? Tatu, ngozi i hali gani: imenyonyoka manyoya, imevimba, yanuka, au manyoya meupe yamegeuka ya kutu? Jibu la moja tu likitia shaka, yafaa kutafuta sababu, na aghalabu mahali palambwapo ndipo paelekezapo.

Alambaye nyayo na baina ya vidole huenda ana mwiba, au funza, ambao huwaingia mbwa kama watuingiavyo sisi, au ana mzio wa vumbi, wa majani au wa chakula. Ajitafunaye mgongoni karibu na mkia aghalabu ana viroboto, na wapo mbwa ambao mate ya kiroboto mmoja yatosha kuwawasha juma zima. Nchi zetu za joto zina pia nzi wa maembe, ambaye huyataga mayai yake mchangani, na mabuu yake hupenya ngozi yakafanya jipu lenye tundu katikati, na hapo mbwa hulamba bila kuchoka. Mbwa mzee alambaye goti au nyonga yamkini ana baridi yabisi. Alambaye chini ya mkia huenda vifuko vyake vya haja vimejaa. Na jike alambaye utupu wake majuma machache baada ya joto la kutaka dume, akanywa maji mengi na kukataa chakula, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani usaha waweza kuwa umejaa kizazini, na maradhi hayo huua.

Wako pia wasiojilamba wenyewe, bali hulamba sakafu, kuta na mikeka, na watu husema wamechanganyikiwa. Mwaka 2012 madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walitangaza kwamba waliwapima mbwa 19 wa namna hiyo, na 14 kati yao wakaonekana wana kasoro za tumbo na matumbo. Kumbe waliodhaniwa wana kasoro ya akili, wengi wao walikuwa wakilalamikia tumbo.

Hata hivyo upweke na uchovu wa kukaa bure ni maradhi ya kweli, na kidonda cha mguu wa mbele, kama kile cha mbwa wa jirani yangu, chaweza kubaki hata baada ya mwiba kutoka. Mwaka 1992 Dokta Judith Rapoport wa Marekani na wenziwe walieleza jinsi klomipramini, dawa wapewayo watu wenye wasiwasi wa kunawa mikono bila kikomo, ilivyowapunguzia mbwa kujilamba. Lakini dawa kama hizo ni za daktari kupima. Mtu asimpe mbwa vidonge vyake mwenyewe vya maumivu, maana parasetamoli na ibuprofeni zaweza kumdhuru vibaya. Wala asimpake oili chafu ya gari, kwani kila kipakwacho ngozini mwa mbwa mwisho wake ni tumboni.

Liko jambo jingine lisilongoja hata usiku mmoja. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza na sauti yake ikageuka, ahofiwe kuwa na kichaa cha mbwa. Na mate yake huambukiza siku kadhaa kabla dalili hazijaonekana. Mbwa wa kushukiwa akimlamba mtu penye mchubuko, machoni au mdomoni, si kuuma tu, paoshwe kwa maji yanayotiririka, na ikiwa ni ngozi kwa sabuni pia, muda wa dakika 15, kisha mtu aende hospitali akapate chanjo bila kukawia, kwani dalili zikisha kumtokea binadamu, karibu hapana aponaye. Kinga iliyo bora ni kumchanja mbwa mapema.

Sisi watu wa pwani, walio wengi wa madhehebu ya Shafii, tulifunzwa tangu chuoni kwamba chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Walimu wale wale walitusimulia habari za msafiri aliyemkuta mbwa akilamba udongo mbichi, akatambua kwamba ana kiu kama aliyokuwa nayo yeye, akashuka kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake, na kwa hilo akasamehewa dhambi zake. Hadhari na huruma zilifunzwa pamoja. Na tazama wema wa mtu yule ulianzia wapi: alimwona mbwa analamba, akajiuliza kwa nini.

Mbwa wa jirani yangu alisafishwa kidonda, akafungwa bendeji, na mnyororo ukaondolewa. Kila alfajiri bawabu humchukua hadi ufukweni, na kila jioni humpapasa vidole kwa mwanga wa kurunzi. Mwezi wa tatu manyoya yaliota tena, meupe.