Bingwa na Kidonge cha Kuazima

Usiku mmoja wa Septemba 2019, wanawake 68 walijipanga barabarani mjini Doha kuanza marathoni ya ubingwa wa dunia. Ilikaribia saa sita za usiku, na bado joto lilipita nyuzi 30, tena lenye unyevu ule tuujuao sisi watu wa pwani, wa nguo kugandama mwilini. Wanawake 28 hawakumaliza. Aliyewasili mbele ya wote alikuwa Mkenya, Ruth Chepngetich.

Kilele chake kilikuwa Chicago, Oktoba 13, 2024. Alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, akawa mwanamke wa kwanza kukimbia masafa hayo kwa muda usiofika saa 2 na dakika 10. Rekodi ya Tigst Assefa wa Ethiopia aliipunguza kwa takriban dakika 2, jambo ambalo katika marathoni si dogo hata kidogo. Ushindi huo alimtunuku marehemu Kelvin Kiptum, aliyefariki ajalini Februari ya mwaka ule.

Siku iyo hiyo mwandishi mmoja alimuuliza hadharani atawajibu nini wanaoishuku rekodi hiyo. Wakenya wengi tulighadhibika, nami nilikuwa miongoni mwao. Tuliona ni inda tupu.

Machi 14, 2025 alitoa mkojo kwa uchunguzi. Ulikutwa na haidroklorothiazidi, nanogramu 3,800 katika kila mililita, ilhali kiwango kinachotosha kuripotiwa ni 20. Msomaji mwenye mzee wa presha nyumbani huenda anacho kidonge hicho kabatini. Ni dawa ya kukojosha: huziamuru figo zitoe maji na chumvi, na shinikizo la damu likashuka. Kwa hiyo maneno “dawa za kusisimua misuli”, tuliyoyazoea magazetini, hapa yanapotosha. Kidonge hiki hakimwongezei mtu mbio. Kimepigwa marufuku kwa sababu mkojo ukizidi maji, kilichojificha ndani yake huwa vigumu kuonekana.

Alipohojiwa mara ya kwanza, Chepngetich hakuweza kueleza dawa hiyo ilimwingiaje. Baadaye akasema kwamba aliugua, akanywa vidonge vya mtumishi wake wa nyumbani bila kuangalia ni vya nini.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi tusiokimbia hata kuwahi matatu. Nani kati yetu hajawahi kuazima kidonge? Jirani akilalamika kichwa, twampa kilichobaki cha mgonjwa wetu, tena kwa nia njema kabisa. Dawa ya presha ikinywewa na asiye na presha yaweza kumpa kizunguzungu, ikampotezea chumvi ambazo moyo unazihitaji, na wengi wetu hatujui kamwe kuwa ndiyo iliyotudhuru. Lakini bingwa wa dunia hana udhuru wetu. Mwanariadha wa daraja lake hufunzwa miaka nenda miaka rudi kuuliza kila kinachoingia kinywani mwake, na bamba la vidonge limeandikwa jina.

Kitengo cha Uadilifu wa Riadha hakikuridhika na maelezo hayo. Hata kama yangekuwa kweli, kilisema, kunywa namna hiyo ni uzembe unaokaribia kusudi. Adhabu ikawa miaka 4, ikapunguzwa mmoja kwa kuwa alikiri mapema. Ilitangazwa Oktoba 2025, ikihesabiwa tangu Aprili 19 ya mwaka huo.

Matokeo yake yaliyofutwa ni ya tangu Machi 14, 2025. Rekodi ya Chicago ilitangulia siku hiyo, nayo haikuguswa. Hata hivyo wachunguzi walikuta katika simu yake mambo ya tangu 2022 yaliyowatia shaka, wakasema wataendelea kuyachunguza.