Nguo Iliyopitia Mikononi: Mtumba, Fundi na Kazi za Mikono Ufipani

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Agosti upepo wake unakata. Asubuhi ya Julai hakuna atokaye nyumbani na shati tupu. Watu huvaa nguo juu ya nguo: sweta ndani, koti juu, kitenge au shuka mabegani, na jua likishika saa sita mchana, moja baada ya nyingine inavuliwa. Anayetaka kupendeza katika hali hiyo anahitaji nguo nyingi kuliko mkazi wa Dar es Salaam, tena nzito, na nguo nzito ikiwa mpya ni ghali. Wengi wa uwandani huipata kwa mtumba, kwa fundi na kwa kazi za mikono. Njia hiyo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa, kwa sababu inadai jicho, subira na ujuzi wa kitambaa.

Ujuzi huo si mgeni Ufipani. Mmisionari na msafiri David Livingstone alipopita kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki, Oktoba 1872, katika safari yake ya mwisho, aliandika kwamba pamba ililimwa kwa wingi ufukweni kote, kwamba miti yake iliachwa isimame mwaka mzima ili ikue, huku nafaka na karanga zikipandwa katikati yake, na kwamba kitambaa kizito kilichofumwa kwa pamba hiyo ndicho kilichovaliwa na watu wote. Mtambo wa kufumia ulikuwa wa chini: vigingi vilikitwa ardhini, nyuzi za mtande zikavutwa baina ya vijiti viwili, na mfumi akapitisha mshindio kwa mkono, mstari baada ya mstari. Uzi ulisokotwa kwa kijiti chenye kisahani cha kukipa uzito. Kazi ilikwenda polepole mno, na shuka lililogharimu siku nyingi namna hiyo halikuwa kitu cha kutupwa kwa sababu ya tundu moja. Uwanda huo huo ulikuwa na wahunzi mashuhuri. Matanuri yao ya udongo, marefu kupita kimo cha mtu, yaliyeyusha chuma cha majembe, na masalia ya baadhi yake yangali yamesimama maporini.

Kitambaa cha viwandani kiliingia taratibu, kisha kwa kasi. Merikani ilishushwa Zanzibar na meli za Marekani tangu miaka ya 1830. Kaniki ilitoka India. Zote mbili zikapandishwa bara na misafara. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, gharama ya kuleta mizigo kwenye ziwa ilishuka sana. Kodi ya wakoloni nayo ilidai fedha taslimu, kwa hiyo nguvu za vijana zikaenda kwenye vibarua vya mbali. Mfumi wa kienyeji hakuweza kushindana na kiwanda kwa bei wala kwa wepesi. Kilichopotea hapo kilikuwa kikubwa: watu waliokuwa wakijua nguo yao tangu mbegu walianza kuijua tangu dukani.

Baada ya Uhuru serikali ilijaribu kuurudisha ufumaji nchini kwa njia ya viwanda. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, na Mwanza, Musoma na Mbeya zikapata viwanda vyao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchumi ulibanwa, nguo zikaadimika, na kitenge kikawa kitu cha kupangiwa foleni. Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Mitumba ikamiminika, na viwanda, ambavyo tayari vilisumbuliwa na umeme, vipuri na madeni, vikazidi kudhoofika. Kuitupia mitumba lawama yote ni kuisoma historia nusu.

Mjadala wenyewe haujaisha. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba sokoni hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, na serikali yao ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kibiashara ya AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi. Hoja ya viwanda ni ya kweli. Ni kweli vilevile kwamba mama wa Namanyere au Laela, Ufipani, mwenye watoto wanne hana namna nyingine ya kuwavika masweta manne kabla ya baridi kuingia.

Belo la mitumba huwa na uzito wa kilo 45 hivi, limekazwa kwa mikanda, na muuzaji hulinunua bila kuona kilichomo. Mengi huja kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma, kwa barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ya kilomita zaidi ya 220 ambayo kabla ya lami ilikuwa mtihani kila masika. Belo likifunguliwa, wa kwanza kuinama ni wenye maduka madogo na wanaouza minadani, na kinachobaki hushuka bei kadiri siku zinavyokwenda. Kwa hiyo anayetaka kuchagua vizuri huuliza siku ya kufungua, na asiye na haraka husubiri siku ya kushusha bei. Wote wawili hupata, ila hawapati kitu kimoja.

Mnunuzi mzoefu hatazami rangi kwanza. Huinua nguo kwenye mwanga aone palipokonda. Hugeuza ndani nje, akakagua makwapa, mapaja na viwiko, maana huko ndiko nguo hufa mapema. Huvuta zipu mara mbili. Hutazama mshono wa ndani: palipoachwa kitambaa cha kutosha, nguo inaweza kutanuliwa, palipokatwa karibu na uzi, haiwezi. Doa la kutu au la mafuta ya zamani halitoki, lakini kifungo kilichopotea au pindo lililofumuka ni sababu ya kupunguziwa bei tu. Akitaka kujua sweta ni la sufu au la plastiki, akifika nyumbani huchomoa uzi mmoja na kuuchoma: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, pamba hunuka kama karatasi, na polista huyeyuka ikaganda kitone kigumu. Jambo hilo lina uzito kwa mtu wa Ufipa. Sufu hutunza joto hata ikipata unyevu, na koti la sufu lililotupwa ughaibuni kwa kupitwa na mtindo linaweza kufaa kwa miaka mingi ya kipupwe cha Sumbawanga.

Kuna mipaka. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku uingizaji wa nguo za ndani zilizotumika, na anayezikuta mezani azipite kwa ajili ya afya yake. Nguo nyingine zote hufuliwa kwa maji ya moto pale kitambaa kinaporuhusu, huanikwa juani na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa.

Mtumba ukishanunuliwa, nusu ya kazi bado. Koti lililokatwa kwa mwili wa Mjerumani halimkai mtu wa Matai mpaka lipite kwa fundi cherehani, na hapo ndipo mtindo wa mtu unapoanza kuonekana. Fundi hupima mabega kwanza, kwa kuwa kiuno hubanwa kwa dakika chache lakini bega likizidi hulazimu mkono mzima kufumuliwa. Hupunguza urefu, hubana pembeni, na mteja mwenye ubunifu huongeza chake: mifuko ya kitenge juu ya koti la kijivu, vifungo vya pembe badala ya vya plastiki, bitana ya kanga ambayo haionekani mpaka koti lifunguliwe. Koti la namna hiyo halina pacha duniani.

Kazi inayoonyesha fundi wa kweli ni kola ya shati. Kola huisha kabla ya shati, pale inaposuguana na ndevu na jasho la shingo, huku kifua na mgongo vikiwa bado vizima. Fundi huikata nyuzi kwa ncha ya wembe, uzi baada ya uzi, bila kugusa kitambaa, mpaka itoke nzima. Huipiga pasi, huikunja katikati na kuweka alama ya penseli, huweka alama nyingine katikati ya ukanda wa shingo, kisha huigeuza: upande uliochakaa unaenda chini, ule uliokuwa umefichwa unakuja juu ukiwa na rangi yake ya kwanza. Huishikiza kwa bandi, akalinganisha ncha mbili, ndipo akapiga cherehani. Shati linapata maisha ya pili kwa malipo madogo. Ni huzuni kwamba vijana wengi wa leo hawajui hata kwamba jambo hilo linawezekana.

Kiwiko cha sweta hudai kutililia, yaani kufuma upya tundu kwa sindano. Kibuyu kidogo au gunzi la hindi huwekwa ndani ya mkono ili pasivutike. Sindano butu yenye uzi wa sufu huanza mbali kidogo na tundu, penye nyuzi zenye nguvu, ikapita juu na chini kwa mistari inayokaribiana hadi ng'ambo. Kisha mistari mingine inaikata ya kwanza, ikipita juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata. Ni mtande na mshindio uleule wa wafumi wa zamani, katika eneo la ukubwa wa kiganja. Asiyetaka kiraka kionekane hutafuta uzi wa rangi ileile. Anayetaka kionekane huchagua rangi inayopingana, nyekundu juu ya kijani kibichi, na hapo tundu linageuka pambo. Kiraka kilichotiwa kwa makini humsifu mvaaji. Cha ovyo kinamwaibisha, na watu wa mtaani huona tofauti papo hapo.

Ufundi huu hufundishwa kwa njia mbili. Wengi hujifunza barazani kwa fundi, wakianza na kushikiza vifungo na kukunja pindo kabla ya kuaminiwa mkasi. Wengine hupitia vyuo vya ufundi vya VETA, ambavyo hutoa kozi ya ushonaji na ubunifu wa mavazi. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye ofisi mikoani, husaidia kwa mafunzo ya biashara na ufungashaji.

Upande wa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono, mnunuzi hana budi kujua anacholipia. Batiki huanza na kitambaa cheupe cha pamba kinachogongwa nta ya moto kwa mhuri wa mbao au sponji, kikatumbukizwa kwenye rangi, kikakaushwa, kisha kikachemshwa ili nta itoke na michoro ibaki mieupe. Kila rangi inayoongezwa ni mzunguko mwingine wa kazi hiyo. Njia ya kuitambua ni kuigeuza: batiki ya mkono hung'aa pande zote mbili, ilhali kitambaa cha kuchapwa kwa kuiga huwa kimefifia nyuma. Makatambuga ya tairi la gari, pamoja na ukali wake, hudumu miaka kwenye njia za mawe. Kikapu kizuri hupimwa kitako, kwa kuwa ndicho kinachobeba uzito, na mishikio yake iwe imesukwa pamoja na mwili, isiwe imeshonewa baadaye.

Bei ya vitu hivi hujadiliwa, na kujadiliana ni sehemu ya soko. Lakini kumbana msusi wa kikapu mpaka apate chini ya thamani ya siku zake si ujanja. Mnunuzi mwema hutanguliza sehemu ya malipo anapoagiza, humpa fundi muda, na kumlipa siku ileile kazi inapokwisha. Nguo ya bei ya chini nayo huwa na gharama yake: Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh lilianguka na kuua watu 1,134, wengi wao washonaji wa nguo za bei rahisi za madukani Ulaya na Marekani. Nguo za namna hiyo zikichokwa huko, nyingi huishia ndani ya mabelo. Kwa sababu hiyo ni haki kwamba hatua ya mwisho ya safari yake, ile ya barazani Sumbawanga, imlipe ipasavyo mwenye sindano.

Jambo jingine la kuangalia ni asili ya malighafi. Bangili za pembe za ndovu, mikanda ya ngozi ya mamba na ngozi za chui ni nyara za serikali. Kukutwa nazo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na katika mkoa unaopakana na Ziwa Rukwa lenye mamba, mnunuzi asikubali kuambiwa kwamba kipande kidogo si kitu. Ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi inatosha kwa mkanda, na pembe ya ng'ombe hutoa vifungo vizuri.

Kinachobaki ni utunzaji. Nguo za sufu hufuliwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila kukamuliwa kwa kusokotwa, na kuanikwa zikiwa zimelazwa. Baridi ikiisha, huhifadhiwa zikiwa safi, kwa sababu nondo hupenda penye jasho na chakula. Shati lisilogeuzika tena kola hukatwa likawa la mtoto, jinzi hutoa viraka kwa jinzi nyingine, na vipande vya vitenge hushonwa pamoja kuwa foronya, mfuko wa sokoni au mbeleko. Vifungo na zipu hung'olewa na kuwekwa kwenye kopo la fundi kabla ya kitambaa kugeuka tambara.