Mtoto Aliyefutwa Orodhani

Jina langu lilikuwa la tisa. Nililiona kwa macho yangu asubuhi ya Ijumaa, limeandikwa kwa wino wa buluu juu ya karatasi ya daftari iliyobandikwa mlangoni pa chumba cha walimu. Na jioni ya siku hiyohiyo, wenzangu walipokuwa wakivaa jezi chini ya mwembe ulio kando ya kiwanja, nikaliona tena limepigwa mstari, na juu yake pameandikwa kwa wino mwekundu jina la mtu ambaye darasani hatukupata kumwona, mwenye kidevu kilichonyolewa siku ileile kikachubuliwa na wembe. Nilimwendea mwalimu, nikamwambia, "Mwalimu, jina langu limefutwa." Akaniwekea mkono begani kwa upole, akanijibu, "Vumilia, mwanangu. Leo tunataka kombe."

Kombe tulilipata. Liliwekwa juu ya kabati la ofisi, na siku nilipokwenda kuchukua shahada yangu nililikuta palepale, limeshika vumbi, ndani yake mmetiwa kalamu zilizokwisha wino.

Miaka mingi imepita, na shule yenyewe siitaji, kwa kuwa makusudi yangu si kumfedhehesha mtu aliyenifundisha kusoma. Lakini kila nipitapo karibu na uwanja wa Kamarampaka, hapa kwetu Rusizi, mwisho wa juma, nikasikia vifijo vya vijana, swali la jioni ile hunirudia: mchezo wa mtoto ni amana mikononi mwa nani, na nani aliyempa mtu mzima ruhusa ya kuitumia amana hiyo kwa haja zake mwenyewe?

Ndugu zetu wa Tanzania wana maneno mawili yaliyokata shauri hili vizuri. Mamluki ni mchezaji aliyeazimwa akavishwa jezi ya shule asiyosoma; kijeba ni mtu aliyekwisha kupevuka, akajipunguzia miaka ili acheze na watoto. Neno la kwanza asili yake ni Kiarabu, nalo ni jina la mtumwa aliyemilikiwa na mwingine akafanywa askari wake. Atakayeitafakari maana hiyo ataona kwamba hata huyo mgeni wa kidevu kilichochubuka hakuwa bwana wa nafsi yake jioni ile. Alikuwa chombo cha watu wazima, kama nilivyokuwa mimi niliyekaa nje.

Wanyarwanda tumekwisha kuonja uchungu wa jambo hili mbele ya Afrika nzima. Mwaka 2014 timu yetu ya taifa, Amavubi, walikuwa wamekwisha kuitoa Congo-Brazzaville katika mechi za kuwania kuingia Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015, na nchi imekwisha kushangilia, ndipo Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilipoamua kwamba mshambuliaji aliyeitwa Daddy Birori alipovaa jezi ya Rwanda ndiye yuleyule aliyeitwa Etekiama Agiti Tady alipovaa jezi ya AS Vita Club ya Kinshasa, mtu mmoja mwenye majina mawili na tarehe mbili za kuzaliwa. Rwanda ikaondolewa, Congo-Brazzaville ikarudishwa. Hiyo ilikuwa timu ya watu wazima. Lakini mazoea ya kuwa na karatasi mbili hayaanzi katika timu ya taifa, aghalabu huanza katika kiwanja cha shule, siku mtoto anapoona mwalimu wake akiandika uongo kwa mkono uleule unaomsahihishia hesabu.

Hata hivyo, insafu yataka tuseme na upande wa pili, maana sisi wa Rusizi tunaujua kuliko wengi. Kutoka Kamembe hadi Bukavu, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, ni mwendo wa kuteremka na kuvuka daraja. Jamaa moja hukaa pande zote mbili za mto Rusizi, na mtoto huweza kuitwa jina hili kwa bibi wa huku na jina lile kwa mjomba wa kule pasipo hila yoyote. Mwaka 1994 maelfu kwa maelfu walivuka mto huuhuu wakikimbia, na waliorudi wengi walirudi bila cheti wala mtu wa kushuhudia siku waliyozaliwa. Kadhalika, wako watoto wa wakulima wa mpunga wa Bugarama, na wa wavuvi wa kisiwa cha Nkombo, walioanza shule wakiwa wamechelewa, au waliorudia darasa mara mbili au tatu. Kijana wa miaka 19 aliye darasani pamoja na wa miaka 15 hakumdhulumu mtu. Kudhulumu ni kuandika kwamba naye ana miaka 15.

Ulimwengu umetafuta dawa katika mifupa. Tangu Kombe la Dunia la vijana walio chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria mwaka 2009, FIFA hutumia kipimo cha MRI kutazama kifundo cha mkono cha mvulana, mahali ambapo gegedu la ukuaji hugeuka kuwa mfupa mzima. Likiwa limekwisha kuungana kabisa, ni nadra mno mwenye mkono huo kuwa hajatimiza miaka 17. Kipimo hicho kimeaibisha wakubwa. Kabla ya mashindano ya Afrika ya Kati ya Januari 2023, wachezaji 21 kati ya 30 wa kikosi cha vijana cha Kameruni walishindwa kukipita. Na mwaka 2017 Congo-Brazzaville iliondolewa katika Kombe la Afrika la vijana wa umri huohuo kwa kutomleta mchezaji wake apimwe, na nafasi yake ya kwenda Gabon ikapewa Serengeti Boys wa Tanzania. Lakini hakuna shule ya wilaya itakayoweza kumpiga picha ya namna hiyo kila mtoto kabla ya mechi ya Jumamosi. Huku kwetu kipimo ni mwalimu.

Wako wanaojitetea kwa hoja ambayo siidharau. Husema kwamba kijana fukara mwenye kipaji hupata karo kwa sababu ya mpira, na kwamba shule inayotwaa kombe hupata sifa, na sifa huvuta wanafunzi. Nami nakubali kwamba karo ni jambo la thamani. Kama kijana amepevuka na anajua mpira, na atafutiwe timu ya rika lake na alipiwe masomo kwa jina lake la haki. Lakini kumlipia mmoja kwa nafasi ya mwingine si ukarimu, kwa kuwa aliyelipa hakutoa chochote chake. Alitoa cha mtoto asiye na sauti. Na sifa ya shule, ikiwa imesimama juu ya karatasi iliyofutwa, huwafundisha wanafunzi mia tano waliokuwa wakishangilia kwamba kweli ni jambo la kuwekwa kando siku ya haja.

Kazi yenyewe si ngumu. Tangu mwaka 2020 mtoto anayezaliwa katika kituo cha afya cha Rwanda husajiliwa hapohapo, na watoto hao kesho watakuja viwanjani wakiwa na tarehe isiyobishaniwa. Kwa walio viwanjani leo, yatosha mambo mawili: mashindano yapangwe kwa rika badala ya darasa, ili yule wa miaka 19 apate mahali pake pasipo kusema uongo, na kabla ya kila mechi orodha isomwe kwa sauti mbele ya wazazi wa pande zote mbili, kila mchezaji asimame, ataje darasa lake na jina la mwalimu wake. Mamluki hawezi kulijua jina la mwalimu wa hesabu, na hata akifundishwa, watoto waliomzunguka watamtazama, na macho ya watoto ni mashahidi wagumu.

Lau orodha yetu ingalisomwa hivyo jioni ile chini ya mwembe, yamkini tungalifungwa mabao manne, na juu ya kabati pasingalikaa kitu. Nami ningalisimama wa tisa, nikalitaja darasa langu, nikaingia kucheza.