Mali Mbovu na Hesabu ya Mkopo Dukani

Katika kambi nyingi za jeshi na za polisi, mali hainunuliwi kwa fedha taslimu peke yake. Duka la kikosi, karakana au chama cha akiba na mikopo huweza kuwa na hesabu kwa mfanyabiashara wa mjini Kampala. Mali huchukuliwa leo, huandikwa katika daftari, na malipo hufanywa mwisho wa mwezi. Utaratibu huo ni wa siku nyingi, na manufaa yake ni makubwa, hasa kwa askari anayejenga nyumba kidogo kidogo kwa mshahara wake.

Hata hivyo, utaratibu huo umeandamana na imani potofu. Wako watu wanaodhani kuwa aliyechukua mali kwa mkopo hana kinywa cha kulalamika mali hiyo ikiwa mbovu. Wengine hudhani kuwa haki ya kulalamika ni ya mnunuzi mdogo tu, wala si ya duka au chama kinachonunua kwa jumla. Imani zote mbili hazina msingi katika sheria ya Uganda.

Kwa muda mrefu biashara ya mali nchini iliongozwa na sheria iliyoanza kutumika mwaka 1932, ambayo mizizi yake ilikuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Mwaka 2017 Bunge la Uganda lilipitisha sheria mpya ya uuzaji wa mali na utoaji wa huduma. Msingi wake ni kwamba ahadi kadhaa zimo ndani ya kila mauzo ya kibiashara, hata kama muuzaji hakuzitamka. Mali lazima ilingane na maelezo yaliyotolewa. Lazima ilingane na sampuli, ikiwa mnunuzi alionyeshwa sampuli. Lazima iwe na ubora unaokubalika katika biashara. Na kama mnunuzi alimweleza muuzaji kazi anayoikusudia, akategemea ujuzi wake, mali hiyo lazima iifae kazi hiyo. Ahadi hizi hazitegemei kama malipo yamefanywa papo hapo au yataandikwa katika daftari. Deni la mnunuzi na wajibu wa muuzaji husimama pamoja.

Na uchukuliwe mfano. Duka la kikosi linaagiza mabati 200 ya geji 28 kutoka kwa mfanyabiashara wa Ndeeba, kwa hesabu ya mkopo. Gari linafika jioni, karani anatia sahihi, na mabati yanapangwa bohari. Baada ya wiki mbili, koplo mmoja aliyenunua mabati 30 dukani humo anaambiwa na fundi kwamba hayo ni ya geji 30, ambayo ni membamba kuliko aliyoyalipia. Je, koplo huyo aende Ndeeba?

Jibu ni kwamba hapana budi kutazama jina lililoandikwa katika hesabu. Mnunuzi kwa mfanyabiashara wa Ndeeba ni duka la kikosi. Koplo alinunua kwa duka, basi haki yake iko juu ya duka, na duka nalo lina haki juu ya mfanyabiashara. Mikataba ni miwili, na malalamiko hupanda ngazi kama taarifa ya kijeshi inavyopanda, kila mmoja kwa aliye juu yake. Koplo akienda Ndeeba moja kwa moja, anaweza kujibiwa kwamba hajulikani, na jibu hilo litakuwa la haki.

Jambo hubadilika pale mali mbovu inapomdhuru mtu. Mwaka 1932, katika shauri lililotoka Scotland, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba mtengenezaji wa kinywaji anaweza kuwajibika kwa mnywaji, ingawa kinywaji hicho kilinunuliwa na rafiki yake. Msingi huo wa uangalifu ulienea katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, Uganda ikiwa mojawapo. Hivyo, breki mbovu ikimjeruhi dereva, mtengenezaji aliyezembea hawezi kujificha nyuma ya hoja kwamba hesabu haikuwa kwa jina la dereva.

Jambo la pili ni wakati, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza haki yao. Sheria humpa mnunuzi nafasi ya kuikagua mali kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali. Akiikataa, hana lazima ya kuirudisha kwa gari lake mwenyewe. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Lakini akikaa nayo kimya kupita muda wa kadiri, au akaitumia kama mali yake, huhesabiwa kuwa ameikubali. Mabati yakishapigiliwa misumari juu ya paa hayakataliki tena. Kinachobaki ni kudai fidia ya upungufu, na kwa madai ya mkataba sheria ya Uganda hutoa miaka 6. Basi haki ya kukataa mali ina maisha mafupi, na haki ya kudai fidia ina maisha marefu. Asiyejua tofauti hiyo huweza kuipoteza ya kwanza bohari, mali ikiwa bado imefungwa.

Kwa sababu hiyo, sahihi ya karani wa bohari si jambo dogo. Mali ihesabiwe na ipimwe mbele ya dereva aliyeileta. Ikiwa hapana nafasi ya kuikagua saa hiyo, karani aandike juu ya hati kwamba mali imepokelewa bila kukaguliwa. Ila iliyokuwa wazi kwa macho, na mnunuzi akaikagua mali asiitaje, ni vigumu kuidai baadaye. Ila iliyojificha ndani ya mashine ni jambo jingine.

Tena yako masharti yaliyochapishwa kwa herufi ndogo katika fomu ya kufungulia hesabu. Funzo la jambo hili lilitolewa mwaka 1934. Mwanamke mmoja mwenye mkahawa katika mji wa Llandudno, Wales, alinunua kwa malipo ya awamu mashine ya kuuzia sigara. Baada ya siku chache mashine ilikwama. Alipodai haki yake, alionyeshwa fomu aliyoitia sahihi bila kuisoma, na ndani yake mlikuwa na maneno yanayofuta ahadi zote zisizoandikwa. Mahakama ilimhukumu yeye: aliyetia sahihi amefungwa na sahihi yake. Uingereza yenyewe ilipunguza ukali wa masharti ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1977. Lakini busara ya kusoma kabla ya kutia sahihi haijapitwa na wakati, na inamhusu zaidi afisa anayetia sahihi kwa niaba ya wenzake mia.

Kuhusu malipo, wako wanaoona kwamba dawa ya mali mbovu ni kunyamaza na kutolipa. Njia hiyo ina hatari. Sheria humruhusu mnunuzi kudai upungufu wa mali upunguzwe katika bei, lakini hana budi kueleza kwa maandishi ni mali gani, ni ya ankara ipi, na ila yake ni nini. Asiyeeleza ataonekana kuwa mdaiwa sugu tu. Zaidi ya hayo, fedha zilizokopwa katika chama cha akiba na mikopo ni deni la chama. Jenereta ikiharibika, makato ya mshahara huendelea, na madai ya jenereta yaelekezwe kwa aliyeiuza.

Muuzaji akikataa kusikia, milango iko wazi. Shirika la Viwango la Uganda, lijulikanalo kwa kifupi UNBS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi mwaka 1989. Kazi zake ni pamoja na kupima ubora wa mali kama saruji na mabati, kukagua mizani na vipimo, na kuzuia mali isiyofikia viwango. Lakini kurejeshewa fedha ni kazi ya mahakama. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa madai madogo yasiyozidi shilingi milioni 10, yakiwemo madai ya mali iliyouzwa. Mdai humpa mdaiwa ilani ya siku 14, kisha hufika mbele ya hakimu bila wakili.

Liko jambo moja ambalo askari hana budi kulizingatia kuliko raia mwingine yeyote. Ugomvi wa mali mbovu kwa kawaida ni wa madai, si wa jinai. Haifai mtu kumwendea mfanyabiashara akiwa na bunduki na sare ili arudishiwe fedha zake, wala haifai ofisa wa kituo kumfungia mtu rumande kwa ajili ya ankara. Pale tu penye udanganyifu wa makusudi, kama vile alama ya ubora ya kughushi, ndipo pana kosa la jinai, nalo lichunguzwe kwa taratibu zake. Mfanyabiashara aliyetishwa hurudisha fedha siku ile, na kesho yake huwafungia wanakikosi wote daftari lake.

Daftari la mkopo husimama juu ya uaminifu wa pande mbili. Muuzaji humwamini mnunuzi kwamba atalipa, na mnunuzi humwamini muuzaji kwamba mali ni ile aliyoitaja. Anayekagua mali mapema, akaandika ila yake bila kuchelewa, na kupeleka dai lake mahali panapohusika, huilinda haki yake na ya kila askari atakayenunua kwa hesabu hiyo baada yake.