Duara lisilo na matimba

Kila niwaulizapo wachapaji wa Shinyanga na Geita ni mfumo gani wa kompyuta uliokoma wangependa ufufuliwe, wengi hunijibu: Windows XP, uliotoka mwaka 2001. Wana sababu. XP uliweza kuendeshwa kwa kumbukumbu ya megabaiti 64 tu. Windows 11 hudai gigabaiti 4, yaani mara 64. Kompyuta kuukuu haiwezi, na mpya ni ghali.

Hata hivyo, mfumo wa kompyuta ni kama duara la dhahabu: lazima matimba yakaguliwe na kubadilishwa. Microsoft iliacha kuyabadilisha ya XP Aprili 8, 2014. Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga mafaili ya watu duniani na kudai fedha, kampuni hiyo ilibidi irudi kuuziba ufa ndani ya XP. Msitegemee itarudi kila mara.

Ushauri wangu: kompyuta kuukuu iwekewe Linux iliyo nyepesi, ni bure na bado inatunzwa. Anayeng'ang'ania XP asiiunganishe na intaneti, wala asichomeke flashi za wateja. Mikataba ya viwanja na maduara iliyomo humo ni mali ya watu.