Kofia ya viua ya marehemu ni ya nani?

Katika nyumba zetu za visiwani, mama akifariki akaacha kofia ya viua aliyoishona kwa mkono wake, kila mtoto huitaka iwe ukumbusho. Wengine huichukua kimyakimya kabla ya mirathi kugawanywa, wakiona ni kitu kidogo.

Tunakumbushana kuwa Suratun-Nisaa, aya ya 7, imethibitisha fungu la warithi, wanaume na wanawake, katika kidogo na kingi. Kwa hivyo kofia hiyo ni ya warithi wote. Ithaminiwe, anayeitaka ahesabiwe katika fungu lake, au wenzake wamwachie kwa ridhaa. Fungu la mtoto asiyebaleghe hana wa kulisamehe.

Ukumbusho wa mzazi usije ukakata udugu wa wanawe. Wallahu a'lam.