Cape Town: Mdosi Ni Upepo

Kila msee akirudi kutoka Cape Town huwa na ile picha moja ya Camps Bay: miwani nyeusi, mlima kwa nyuma, bahari bluu ya kukutoa mate. Chenye picha haionyeshi ni vile alitoka kwa hiyo maji nduki. Kama umezoea Diani, mahali unaogelea hadi vidole zinakunjamana, huku utaweka mguu moja tu na urudi kwa taulo bila kuaga. Hata Desemba, jua ikichoma utosi, maji ya upande wa Atlantiki inaweza kuwa digrii 12 hivi.

Mwenye makosa ni upepo ya kusini mashariki. Msimu wa joto inavuma kama ina deni na mtu. Inasukuma ile maji ya juu yenye imepata jua, inaipeleka mbali na ufuo, halafu baridi ya chini inapanda kuchukua nafasi. Hiyo hiyo upepo ndio inamwaga wingu nyeupe juu ya Table Mountain, ikining'inia ukingoni kama kitambaa ya meza. Watu wa huko wanaiita Cape Doctor, ati daktari, juu inafagia moshi ya mji. Daktari wa kukumwagia mchanga kwa macho, lakini sawa.

So rada ni hii: usiamke na ratiba, amka ucheki mlima. Upepo ikiwa kali, kimbilia Clifton. Hapo miamba zinakukinga, watu wameanikwa kwa mchanga wakijibamba, wa kuogelea ni wachache. Unadai kuingia kwa maji kabisa? Enda Muizenberg, upande wa False Bay, maji iko na huruma kidogo na mawimbi ni ya kujifunzia surfing. Vile vibanda za mbao za rangi rangi umeona mtandaoni ziko hapo. Kuna wasee hukaa juu ya mlima na darubini wakichunga papa, wanapandisha bendera kukushow mambo iko aje. Ukisikia king'ora, usiulize maswali.

Siku upepo imelala, panda mlima saa hiyo hiyo, usiseme kesho. Gari la kebo iko tangu 1929, siku hizi sakafu yake inazunguka ukipanda so hakuna haja ya kusukumana dirishani. Bei yake inauma kidogo. Njia ya Platteklip Gorge ni bure, ni ngazi za mawe mwanzo mwisho, na magoti zitakukumbusha kwa siku kadhaa. Usiende solo, na simu usiitembeze mkononi, juu wasee huibiwa kwa hizo njia. Kule juu ni zaidi ya mita 1,000 kutoka baharini, na bahari unaiona hapo chini ya ndula zako.

Mat zao sasa. Ni zile van nyeupe, na konda wanamuita gaatjie. Anatoa kichwa nje akiita Mowbray, Claremont, Wynberg kwa pumzi moja, fare inapitishwa mkono kwa mkono hadi mbele. Ukitoka Nairobi hutapotea hata dakika. Ila kwa luku, pole kwao: hakuna grafiti, hakuna skrini, nganya ya Rongai ingefunga hiyo barabara.

Lakini kama ni sherehe, hapo wametushinda, na mimi sibishani. Tarehe 2 Januari inaitwa Tweede Nuwe Jaar, na mji wote ni wa Kaapse Klopse, mbogi za muziki na densi. Zamani watumwa wa Cape, watu waliotolewa Msumbiji, Madagaska, India na Indonesia, walishinda mwaka mpya wakihudumia wadosi wao. Siku yao ya kupumua ilikuwa hiyo ya pili. Utumwa ukafutwa 1834, siku ikabaki. Sasa mbogi baada ya mbogi zinapita barabarani na suti za satini zinang'aa kama karatasi ya peremende, sura zimepakwa rangi, miavuli juu, banjo, tarumbeta na ngoma ya ghoema. Kuna shosho anacheza akiwa amekalia kiti ya plastiki. Kuna mtoi hajafika magoti ya fathe yake na suti imemkaa sawasawa, hatua zote anazijua. Familia zingine hulala barabarani usiku wa kuamkia, wakilinda nafasi.

Na cheki wanapita wapi. District Six, hapo karibu na katikati ya mji, serikali ya ubaguzi ilitangaza 1966 ni mtaa ya wazungu pekee, watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, wengi wakatupwa Cape Flats, kule mchanga na upepo. Nyumba zikabomolewa. Siku ya Klopse wajukuu wao wanashuka na mabasi, wanateka barabara za mji na makelele. Hiyo huwezi pata kwa picha ya Camps Bay.

Ukisikia njaa, tafuta gatsby: mkate mrefu umeshindiliwa chipo, nyama na achari hadi unapasuka. Moja ni ya watu wanne. Msee akimaliza yake peke yake, mheshimu.

Mkenya hahitaji visa huko tangu Januari 2023, siku 90 kwa mwaka. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usisahau, na jaketi pia, hata kama ni Desemba. Buku keja mapema, bei za huo msimu hazina adabu, na uhakikishe tarehe ya Klopse kwanza juu kuna miaka inasongeshwa mbele. Bahari tuko nayo hapa, na yetu iko na joto. Weka doh ya Januari.